Je, wajua mwimbaji wa kantri asiye na kampuni ya kurekodi anakula wapi?

Ukiwa Kenya, Don Williams hahitaji kutambulishwa. Ile sauti yake nzito, ya mtu asiye na haraka, imepigwa redioni na kwenye baa tangu enzi za kaseti, na wapo wazee wanaomtaja kama jirani yao. Moja ya nyimbo zake zilizofika namba moja kwenye chati za kantri Marekani ni Love Is on a Roll, ya mwaka 1983. Walioitunga ni wawili: Roger Cook na John Prine. Huyo wa pili wengi wetu hatumjui hata kwa jina, na wakati wimbo huo unavuma hakuwa na kampuni kubwa yoyote nyuma yake. Alikuwa ameshaachana nazo. Sasa, muziki wa kantri unaendeshwa kutoka Nashville, jiji la Marekani, kama shamba la mkonge, wenye mali wakijulikana na vibarua wakijulikana. Mtu akitoka nje ya uzio, anakula wapi?

Tuanzie kwenye barua. Prine alizaliwa 1946 Maywood, pembeni mwa jiji la Chicago, wazazi wake wakiwa wametoka Kentucky. Alikwenda jeshini, akapangiwa ufundi wa magari Ujerumani Magharibi, na aliporudi akashika kazi posta. Sisi wa S.L.P. tunaifuata barua ilipo. Kule mgawa barua ndiye anayekuja mlangoni, mkoba begani, nyumba baada ya nyumba. Miguu ikishaikariri njia, kichwa kinabaki bure, na kichwa cha Prine kilitunga nyimbo. Upepo wa Chicago ukizidi, alijibanza ndani ya sanduku kubwa la posta la barabarani, akala mkate wake humo na kuendelea kutunga.

Mwaka 1970 alianza kuimba kwenye klabu ndogo iitwayo Fifth Peg. Mara ya kwanza alipomaliza kuimba, watu walinyamaza tu wakimtazama, naye akadhani ameboronga. Kumbe walikuwa wameduwaa, makofi yakafuata. Wimbo mmoja ulimhusu askari aliyerudi vitani akiwa mtumwa wa dawa za kulevya, mwingine wazee walioachwa peke yao ndani ya nyumba. Mtunzi alikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo. Oktoba ya mwaka huo Roger Ebert, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakiki filamu, alimwandika kwenye Chicago Sun-Times kama mgawa barua anayeimba. Baadaye rafiki yake Steve Goodman alimleta mwimbaji nyota Kris Kristofferson kumsikiliza, na 1971 albamu ya kwanza ikatoka chini ya kampuni ya Atlantic. Kwenye jalada wamemkalisha juu ya marobota ya nyasi kavu, ingawa mwenyewe alisema hajawahi kukalia robota maishani mwake. Kampuni ilitaka kantri ionekane kantri.

Alitoa albamu nne Atlantic, kisha tatu kwenye kampuni nyingine, Asylum. Wahakiki walimsifu, mauzo hayakutisha. Na hapa ndipo hesabu ya mkataba wa kawaida inapouma. Kampuni inakupa fedha za kuanzia, lakini fedha hizo ni deni: gharama za studio na nyinginezo hukatwa kwenye sehemu yako ya mauzo, na sehemu yenyewe ni ndogo. Msanii anaweza kuuza maelfu ya nakala na bado daftari likasema anadaiwa. Deni likiisha, rekodi yenyewe hubaki mali ya kampuni.

Lakini wimbo una mali mbili ndani yake. Ipo rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio, na upo utunzi, yaani maneno na tuni. Mwingine akiuimba wimbo wako, rekodi ni yake, ila mrabaha wa utunzi unakuja kwako. Don Williams alipoimba, Prine alilipwa bila kupanda jukwaani. Nadhani watunzi wetu wengi wangeijua hii mapema, wasingekuwa wepesi wa kuuza wimbo kwa bei ya mara moja.

Basi 1981 Prine na meneja wake, Al Bunetta, wakaanzisha lebo yao, Oh Boy Records. Mtaji? Mashabiki. Walituma fedha kwa posta kulipia albamu ambayo ilikuwa bado haijatoka, zikatosha kugharimia utengenezaji wake. Albamu hiyo, Aimless Love, ilitoka 1984. Leo tunachangisha hivyo kwa simu na kuona ni jambo jipya. Wao walitumia bahasha na stempu, na mwenye lebo alikuwa mgawa barua mstaafu! Bila mgao wa kampuni kubwa, nakala chache zilimlipa vizuri zaidi, na rekodi zilibaki zake. Albamu ya 1991, The Missing Years, ikampa tuzo ya Grammy.

Faida ya utunzi ilionekana hasa alipougua. Mwaka 1998 alipasuliwa shingo kwa sababu ya saratani, akakaa zaidi ya mwaka bila kupanda jukwaani. Mwaka huohuo George Strait alifikisha namba moja I Just Want to Dance with You, utunzi mwingine wa Cook na Prine. Mwenyewe alikuwa kitandani, wimbo uko kazini.

Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka na kukwaruza, naye akaziimba nyimbo zake za zamani kwa sauti ya chini zaidi na kuendelea. Mwaka 2013 akapasuliwa pafu. Mwaka 2018, akiwa na miaka 71, alitoa The Tree of Forgiveness kwa lebo yake mwenyewe, ikafika nafasi ya 5 kwenye chati ya Billboard ya albamu zote, juu kuliko alivyowahi kufika akiwa na kampuni kubwa.

Prine alifariki Nashville tarehe 7 Aprili 2020, kwa UVIKO-19, akiwa na miaka 73. Wimbo unaofunga albamu ile ya mwisho unaeleza atakachofanya akifika mbinguni. Sigara alikuwa ameshaziacha. Huko, anasema, atavuta moja yenye urefu wa maili 9.