Kondogi: ili soseji isivukwe na koti

Kondogi yangu ya kwanza ilivukwa nguo mbele ya watoto. Niliitumbukiza kwenye mafuta ikiwa imevaa rojo lake la unga wa mahindi vizuri tu, nikageuka kuchukua koleo. Kurudi, soseji inaelea peke yake na koti liko pembeni, tupu kama soksi. Mwanangu akauliza, "Mama, imesikia joto?" Na mimi ndiye ninayekaangia watu bajia na maandazi ya oda kila wikiendi hapa Dallas!

Kwa asiyeijua, ni soseji iliyochomekwa kijiti, ikachovywa kwenye rojo la unga wa mahindi na ngano, ikakaangwa ndani ya mafuta mengi. Wamarekani wanaiita corn dog, mbwa wa mahindi. Mama mkwe alipolisikia jina hilo kwenye simu ilibidi nijieleze sana. Hapa Dallas huliwa hasa kwenye maonyesho ya State Fair of Texas, mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, ambako ndugu wawili, Carl na Neil Fletcher, walianza kuziuza mnamo 1942. Watu wa Springfield, Illinois, wana Cozy Dog yao ya 1946, na Oregon nao wanadai zao ndizo za kwanza. Ila mzee mmoja wa Buffalo, Stanley Jenkins, alikuwa ameshapewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, ya chombo cha kukaangia vitu vya vijiti mwaka 1929. Humo ametaja soseji, mayai ya kuchemsha, jibini, hata ndizi.

Turudi kwenye koti. Mkosaji ni maji. Soseji ya pakiti inatoka imelowa, tena ina utelezi. Ukiichovya hivyo, unafungia maji kati ya ngozi na rojo. Yakikutana na mafuta yanageuka mvuke, na mvuke unalisukuma koti kabla halijakaza. Basi nazifuta soseji kwa karatasi ya jikoni hadi zisiache unyevu kidoleni, naziviringisha kwenye ngano kavu, nakung'uta. Vumbi jembamba tu. Ukiacha tabaka nene, hilo nalo litabanduka.

Angalia pia soseji yenyewe. Za Marekani zinazouzwa kwa kazi hii zimeshaiva, kama smoki za Kenya, kwa hiyo unapasha tu. Ikiwa yako ni mbichi, ichemshe kwanza na uipoze, maana dakika nne za mafuta hazitaivisha ndani. Na kama hauli nguruwe, soma pakiti. Nyingi za huku zimechanganywa.

Rojo langu: kikombe kimoja cha unga wa mahindi, kimoja cha ngano, robo kikombe ya sukari, vijiko vinne vya chai vya bekingi pauda, nusu kijiko cha chumvi, yai moja, na kikombe kimoja cha maziwa. Linatosha soseji kumi na kitu. Ngano usiiache, kwa sababu mahindi hayana ule mvuto wa kushikana, na koti la sembe tupu litakatika. Unga wa huku ni wa njano na una chenga. Ukitumia sembe laini utapata koti lisilo na mkwaruzo. Dona inakaribia zaidi. Liache rojo dakika kumi na tano kwenye friji ili chenga zinywe maziwa. Likitoka liwe zito, liking'ang'ania kijiko. Likichuruzika, ongeza ngano kidogo.

Limimine kwenye glasi ndefu. Bakuli litakufanya uviringishe na kupakapaka, utaacha upara. Kwenye glasi unazamisha wima, unazungusha, unapandisha taratibu, na unahakikisha rojo limefunga pale shingoni kijiti kinapoingia. Tundu likibaki hapo, mafuta yanaingia na soseji inaanza kutema.

Mafuta nayaweka nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi. Hataza ya Jenkins inataja karibu 200, lakini mimi sikubaliani naye: kwa jiko la nyumbani, na sukari ile, koti linakuwa jeusi huku chini yake bado uji. Kama huna kipimajoto, dondosha tone la rojo. Lizame kidogo, kisha lipande likitoa mapovu. Karai letu la maandazi halifai sana, ni pana na kina chake ni kidogo. Mimi natumia sufuria nyembamba yenye mafuta ya kina cha sentimita nane, na nakata vijiti vya mishikaki vitoshee.

Halafu usiiachie. Hapo ndipo nilipokosea siku ile. Shika kijiti, zamisha, zungusha hesabu kumi hadi koti likaze, ndipo uachie. Itapenda kulalia upande mmoja, kwa hiyo ikumbushe kugeuka. Kaanga mbili au tatu kwa mara moja, zaidi ya hapo mafuta yanapoa na koti linayanywa. Dakika tatu hadi nne, rangi ya andazi lililoiva, kisha juu ya waya, zisilale kwenye karatasi zikalowa chini. Dallas wanazichora mstari wa haradali. Watoto wangu wanataka tomato na pilipili.

Rojo likibaki, katia kitunguu, dondosha kwa kijiko kwenye mafuta hayohayo. Watu wa kusini mwa Marekani wanaviita hush puppies, yaani "nyamazeni, watoto wa mbwa", na hapo wameingiza mbwa tena. Hilo sijamwambia mama mkwe.