Mhandisi hana jicho la sanaa? Si kweli

Wengi huamini kwamba aliyemaliza miaka yake kwenye hesabu na mitambo hawezi kupiga picha nzuri za viumbe na misitu, eti sanaa ni ya waliozaliwa nayo. Eliot Porter wa Marekani alisomea uhandisi wa kemikali, kisha udaktari, akafanya utafiti Chuo Kikuu cha Harvard hadi 1939 alipoiacha kazi hiyo na kuifanya kamera kuwa kazi yake. Picha zake za rangi za ndege na misitu zinaheshimiwa mpaka leo.

Tena ujuzi wa kazini haupotei. Ukitaka mabawa ya ndege anayeruka yasitoke na ukungu, kufungua pazia la kamera kwa 1/2000 ya sekunde mara nyingi hutosha. Lakini hapo mwanga unaoingia ni robo tu ya ule wa 1/500, hivyo itabidi upanue tundu la lenzi au upandishe ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Aliyezoea kupima na kurekebisha hushika hili upesi.

Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni kungoja mpaka korongo ageuze shingo na mwanga umwingie jichoni. Lakini mtu aliyewahi kukesha akisaka hitilafu moja kwenye mtambo, subira hiyo anayo tayari.