"Kamuulize Mama Yako"

Akina baba wanaofika ofisini kwetu ustawi wa jamii ni nadra kuja wenyewe. Huletwa. Ama mkuu wa shule ameandika wito wa pili, ama mke amemsindikiza ili asije akaishia njiani. Nikimuuliza baba wa namna hii mara ya mwisho amekaa na mwanawe wakaongea ilikuwa lini, hunijibu kwa orodha ya alivyolipa: ada, sare, godoro la bweni, nauli. Simlaumu. Ndiyo lugha ya upendo aliyorithi, na mtoto aliyewahi kufukuzwa shule kwa kukosa mchango anaujua uzito wake. Ila mtoto wa miaka 15 ana maswali ambayo risiti haiyajibu, na akiyaleta kwa baba huambiwa, "Kamuulize mama yako."

Zamani baba alikuwa na haki ya kunyamaza. Pwani, binti alikuwa na somo wake aliyemfunda tangu siku alipovunja ungo. Mvulana alipelekwa jandoni, na huko nyakanga, mwalimu wa jando, akayasema yale ambayo baba asingeyatamka mbele ya mwanawe. Kulikuwa na babu mwenye utani, mjomba, shangazi asiyeona haya. Kimya cha baba kilikuwa sehemu ya mpango: hasemi kwa kuwa wenzake wanasema. Leo familia imepanga vyumba viwili Mbagala, babu yuko Masasi, shangazi anaonekana misibani, na jando limegeuka shughuli ya dakika chache hospitalini, mtoto bado mchanga. Waliokuwa wakisema wameondoka, kimya cha baba kimebaki palepale. Pengo lao limezibwa na simu na kijiwe.

Fundi mmoja wa makochi pale Keko (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike) alikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyekwepa shule wiki tatu. Asubuhi anaaga na begi, shuleni hafiki. Baba alikuwa ameshamchapa mara mbili, na kila alipochapwa kijana alizidi kufunga mdomo. Nilimwomba fundi jambo moja tu: Jumamosi aende naye kazini, na asimuulize chochote mpaka saa sita mchana.

Aliponihadithia baadaye, alisema saa nne nzima hawakuzungumza ila "vuta hapo", "shika vizuri". Kijana amekamata kitambaa cha kochi anakivuta, baba amepiga magoti anagongelea misumari. Hawatazamani. Mchana ukiwa umeingia, bila kuulizwa, kijana akasema, "Baba, nina deni." Alikuwa amebeti hela ya masomo ya ziada, mkeka wa mechi alizobashiri ukachanika, akakopa kwa mwenzake akabeti tena ili airudishe, mkeka huo nao ukachanika. Elfu themanini na tano. Wala masomo hayakuwa yamemshinda, alikuwa anamkimbia mdai wake.

"Nyundo nilikuwa nayo mkononi," fundi aliniambia, na wote wawili tukacheka, ingawa nadhani yeye alikuwa anasema kweli. Alichofanya ni kugongelea misumari mingine minne au mitano. Kisha akauliza, "Nani anakudai?"

Ningependa kila baba alitazame swali hilo. Angeweza kuuliza "una akili wewe?", na mazungumzo yangefia hapo. Yeye aliulizia jambo linaloweza kushughulikiwa, na kwa hilo kijana akajua mzigo umepata mtu wa pili wa kuubeba. Adhabu ilikuwepo pia: Jumamosi kadhaa za kushika kitambaa hadi deni likaisha. Lakini ilikuja baada ya kusikilizwa, na ilifanana na kosa.

Wenye vijana wengi nyumbani watakuwa wamegundua kuwa kijana huongea zaidi akiwa ubavuni mwako kuliko akiwa mbele yako. Kumwita sebuleni, kuzima televisheni na kusema "kaa hapo" ni kumpeleka mahakamani. Juu ya pikipiki, shambani, mkiosha gari, mkitoka msikitini au kanisani, macho hayakutani na aibu hupungua.

Na lile swali la "hivi hukufikiria?" linajibika kwa ukweli: hakufikiria kama wewe unavyofikiria. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kufunga breki, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia au kupita kidogo miaka 25, wakati hamu ya raha na ya kukubalika kwa wenzake imeshashika moto tangu balehe. Hata usingizi wake husogea mbele, ndiyo maana saa tano usiku macho makavu na alfajiri haamshiki. Si kila kinachoonekana jeuri ni jeuri.

Kwa mabinti hali ni ngumu zaidi, maana baba wengi wakishajua mtoto amevunja ungo hurudi nyuma kana kwamba amekuwa mgeni. Dereva mmoja wa daladala ninayemfahamu hununua pedi pamoja na mkate na sukari, anaweka mezani, basi. Hajawahi kutoa hotuba yoyote. Siku mwanamume mzima mwenye duka mtaani alipoanza kumtumia binti yake meseji za usiku, aliyeambiwa wa kwanza ni baba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini Tanzania wameshawahi kupata ujauzito. Kama limeshatokea kwako, usimfukuze. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi kwenye shule ya mfumo rasmi, na bila nyumba ya kurudi ruhusa hiyo haimsaidii.

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, usipige simu ukiwa na hasira. Ipige kesho yake. Sifuri ina njia: vyuo vya ufundi vya VETA, au kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baba anayefanya kazi mbali, Geita au Muscat, aache "umesoma?" inayojibiwa "ndiyo". Aulize kitu chenye jina: yule mwalimu mpya wa fizikia, ile mechi ya juzi.

Na kuomba radhi. Najua wapo watakaoniona nimepotoka, lakini "jana nilikukaripia bila kukusikiliza, nisamehe" haijawahi kumpunguzia baba heshima, angalau si kwa vijana ninaoongea nao.

Kuna mazito yanayohitaji msaada wa nje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mmoja kati ya kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kijana akijitenga, akaacha kula, akaanza kugawa vitu vyake au kusema afadhali asingezaliwa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mfikishe hospitali. Na akikuambia amebakwa au kulawitiwa, neno la kwanza liwe "nakuamini". Asioge, nguo zisifuliwe, na afike kituo cha afya mapema, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Fomu ya PF3 (ya polisi, kwa matibabu na ushahidi) na Dawati la Jinsia na Watoto vipo kituo cha polisi. Wajomba watakaokuja na bahasha ili "tuyamalize kifamilia", wafungie mlango.

Namba 116, ya msaada kwa mtoto, ni bure na inapokelewa usiku na mchana. Baba naye anaruhusiwa kuipiga.