Eneo la Wazi Litengwe Mapema, Liandikwe Kwenye Mchoro

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Wengi wanajenga pembezoni: Goba, Kinyerezi, Chanika, Toangoma. Huko wenye mashamba huuza kipande kwa kipande, na kila muuzaji huacha kinjia tu. Eneo la bustani hakuna anayeliacha, maana halina mnunuzi.

Nafasi nyingine ya kutenga eneo huja wakati wa urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, kila mwenye kiwanja anapoombwa kumega kidogo. Kwa ajili ya barabara, wananchi hukubali: gari la wagonjwa lipite, la majitaka lipite. Bustani huonekana anasa, na hapo ndipo tunapokosea sana. Ardhi yetu nyingi ni kichanga, hunywa mvua ya masika. Ukiifunika yote kwa nyumba na pevingi, maji yanahamia kwa jirani wa bondeni.

Kwenye mkutano wa mtaa, tafadhalini msitoe korongo liwe eneo la wazi kwa kuwa tu halijengeki. Kingo za mto tayari zinalindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, mita 60. Pandeni miti huko, sawa, lakini watoto hawachezi mpira kwenye mteremko. Chagueni pale watu wanapopita, karibu na shule au kituo cha daladala, ili macho ya wapita njia yalilinde eneo hilo.

Kisha eneo liwekewe bikoni, yaani alama za mipaka, na lionekane kwenye mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa. Nakala ikae ofisi ya serikali ya mtaa. Kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007, matumizi ya eneo hayabadilishwi bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Kwa hiyo mkiona lori limemwaga kokoto, au tofali zimepangwa pembeni "kwa muda tu", nendeni na nakala hiyo siku ileile mkaulizie kibali. Msingi ukishamwagwa zege, kesi inaweza kuchukua miaka.

Miti ipandwe masika yanapoanza. Binafsi napendekeza mkungu, mwarobaini au mwembe. Miashoki hupendeza ukutani, ila kivuli chake hakimtoshi hata mama mmoja na mtoto. Fedha za kwanza zilipe maji na mtu wa kumwagilia kiangazi. Mabenchi yanaweza kusubiri bajeti ya mwaka unaofuata.