Umeshea lokesheni na washikaji kabla ya kupanda mlima, sasa nani anaiangalia?

Msimu wa kupanda Kilimanjaro ukichanganya, simu za aina moja zinaanza kuingia kwenye dawati letu la usalama. Mama, mume, rafiki wa chuo, anasema nukta ya mtu wake kwenye ramani imesimama palepale tangu jana jioni, haisogei, akipiga hapatikani, sasa afanye nini. Mara nyingi mwenyewe yuko kambini kwenye hema la chakula anakula bisi na chai, simu imezima au netiweki hakuna. Ila kuna siku kweli mtu kapata shida, na kwa kuangalia nukta peke yake huwezi kutofautisha hizo hali mbili, hata sisi wenye kazi yetu hatuwezi.

Kwanza tuelewane hii kitu inafanyaje kazi maana wengi wanaamini satelaiti inawaona popote walipo. Haiwaoni. Satelaiti za GPS ziko juu kama kilometa 20,200 na kazi yake ni kutangaza tu saa na mahali zilipo, simu yako inanasa angalau nne halafu inajipigia hesabu yenyewe kwamba niko hapa. Ni kama redio, inasikia ila haijibu. Ndo maana hata pasipo na netiweki kabisa wewe mwenyewe unaweza kufungua ramani uliyoidownload mapema ukajiona uko wapi, lakini mshikaji wako Dar haoni kitu, kwa sababu kumtumia yeye hiyo lokesheni ni safari nyingine inayopita kwenye mnara wa simu na bando lako.

Na mlimani mnara hauko kila mahali. Ni kweli Agosti 2022 shirika la simu la TTCL walifikisha intaneti ya kasi mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720, na watu wanaposti wakiwa juu kabisa, sawa, lakini njia ziko nyingi na mlima una mabonde na makorongo. Kwenye bonde kama la Barranco, ukuta wa mwamba umekuzunguka, simu inahangaika, kesho yake ukipanda kwenye mgongo wa mlima ujumbe wote unaingia kwa mkupuo. Wanaopitia njia ya Rongai nao, upande wa kaskazini unaoangalia Kenya, simu inaweza kukamata mtandao wa Kenya, sasa kama roaming umeizima data haiendi, kama umeiwasha bando linaweza kuisha na hujui limeenda wapi.

Kwa hiyo wewe uliyebaki nyumbani, kabla hujashtuka na nukta angalia MUDA. Google Maps inakuandikia lokesheni ya mtu mara ya mwisho ilikuja lini. "Yuko kambi ya Shira" na "alikuwa Shira saa tisa mchana jana" ni vitu viwili tofauti kabisa na nimeona watu wakigombana na kampuni za utalii kwa sababu hawakusoma huo mstari mdogo.

WhatsApp nayo ina mtego wake. Lokesheni ya moja kwa moja unachagua dakika 15, saa moja au masaa 8, basi, hakuna zaidi. Sasa piga hesabu ya usiku wa kileleni: mnatoka kambi ya Barafu kwenye saa sita usiku, mnafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri au jua likichomoza, mnapiga picha mnaanza kushuka. Kama uliwasha masaa 8 wakati mnatoka, inazima yenyewe saa mbili asubuhi, yaani hapo ndo unashuka umechoka, magoti yanatetemeka, kokoto zinateleza, na nyumbani wanaona imekatika tu. Basi wataanza kuitana kwenye grupu la familia.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo linalookoa mtu kuliko eapu yoyote. Kabla hujaondoka chagua mtu MMOJA wa kukufuatilia. Sio grupu la watu arobaini, kwenye grupu kila mtu anadhani mwenzake anaangalia, mwisho haangalii mtu. Huyo mmoja awe mtu asiyepaniki, simu yake iko hewani, na umwachie kwa maandishi: njia unayopita, kambi ya kila usiku, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti au kitambulisho (sio lile la Instagram jamani), jina la kampuni, namba ya ofisi yao na namba ya kiongozi wenu wa msafara. Halafu mkubaliane saa. Kwa mfano, kila siku nikifika kambini natuma meseji, ikikosekana siku moja usifanye kitu, ikipita mpaka saa mbili usiku ya siku ya pili bila neno piga kampuni, wakishindwa kukujibu piga ofisi ya hifadhi ya mlima. Hiyo saa mnaipanga nyie wenyewe kulingana na njia, ila lazima iwepo na lazima iandikwe, na useme ni saa mbili ya usiku au ya asubuhi, tena kama ndugu yuko Ulaya au Marekani sema kwa saa za wapi.

Kwa nini kampuni kwanza? Kwa sababu wao ndo wana mawasiliano na kiongozi wenu. Tena kila kambi ya Kilimanjaro mgeni anasaini kitabu kwenye ofisi ya hifadhi, kwa hiyo askari wa hifadhi wakipewa jina sahihi na njia sahihi wanaweza kujua ulionekana wapi mara ya mwisho hata kama simu yako ilikufa siku ya kwanza. Watu wanakichukulia kile kitabu kama usumbufu, wanaandika majina ya utani. Acheni hiyo tabia.

Kitu kingine, namba za lokesheni. Ukipata shida na una netiweki kidogo, ujumbe wa kawaida wa SMS mara nyingi unapenya pale ambapo simu ya kupiga inakatika, kwa hiyo kopi zile namba za ramani utume. Ila zikopi ZOTE na ile alama ya kutoa iliyoko mbele. Kilele cha Uhuru ni kama -3.0758, 37.3533. Ukiisahau hiyo alama ukaandika 3.0758, umehama Tanzania, uko kwenye jangwa la Chalbi kule Marsabit kaskazini mwa Kenya, zaidi ya kilometa 650 kutoka mlimani. Na usikate desimali ukiona ni nyingi, ukibakiza mbili tu umekosea mpaka kilometa moja hivi, na kilometa moja kwenye ukungu ni mbali sana.

Wanaotembea sehemu ambazo netiweki ni ya shida, mfano wale wanaoingia njia ya Sirimon na kutokea ya Chogoria kule Mlima Kenya, kuna vifaa vya satelaiti kama Garmin inReach ambavyo kweli vinatuma ujumbe juu kupitia satelaiti za Iridium, na vina kitufe cha SOS. Ni ghali na vinalipiwa kifurushi. Kama mko kundi, kimoja kinatosha, changeni, ila kila mtu ajue kinawashwaje, sio mwenye nacho apoteze fahamu wengine mnabaki mnakigeuzageuza.

Chaji: baridi inamaliza betri haraka. Lala na simu na pawabenki ndani ya begi la kulalia, mchana weka ile alama ya kindege na ufungue ukifika sehemu yenye netiweki utume lokesheni mara moja. Simu inayotafuta mnara siku nzima pasipo na mnara itakufa kabla ya jioni.

Na mwisho hili la usiri. Lokesheni ya moja kwa moja ni ya yule mtu wako tu, usiitupe statasi wala Instagram, linki ikishatoka nje yeyote akiipata anakuona, na pia umewatangazia wezi kwamba nyumba haina mtu wiki nzima. Dada zangu mnaosafiri peke yenu hili ni lenu zaidi, picha za kambi posti ukishaondoka hiyo kambi. Ukifika geti la kutokea, kama Mweka, mtumie meseji yule mmoja kwamba umetoka mlimani salama, halafu ingia kwenye eapu uzime. Google Maps ina chaguo la kushea mpaka uzime mwenyewe, na kuna watu walipanda mwaka juzi mpaka leo eksi wao anawaona wanaenda kazini.