Fanksheni mbili zinazoitana si kuku na yai

Wengi wakiona fanksheni mbili (vipande vya programu vinavyopokea kitu na kutoa jibu) zinaitana husema papo hapo: hapa hakuna uthibitisho, ni hoja inayozunguka. Sivyo.

Chukua shufwa na witiri, fanksheni mbili za kupima kama namba ni shufwa au ni witiri. Tunaweka shufwa(0) kuwa kweli na witiri(0) kuwa si kweli. Halafu shufwa(n+1) huuliza witiri(n), na witiri(n+1) huuliza shufwa(n). Zinategemeana, ndiyo, lakini kila mwito hupunguza namba kwa moja, hivyo lazima zifike sifuri. Ni ngazi ya kushuka, si mduara.

Shida yenyewe iko kwingine. Tuseme unataka kuthibitisha kwamba shufwa(n) ikiwa kweli, n hugawanyika kwa 2. Ukitumia induksheni ya kawaida (unathibitisha dai kwa 0, kisha unaonyesha kwamba likiwa kweli kwa n, ni kweli pia kwa n+1), ukifika n+1 unakabidhiwa witiri(n), ilhali dhana uliyo nayo mkononi inazungumzia shufwa(n) tu. Umekwama, na programu ya kuhakiki uthibitisho nayo hukwama hapo hapo. Dawa ni kudai zaidi: thibitisha pamoja nalo kwamba witiri(n) ikiwa kweli, n ikigawanywa kwa 2 hubaki 1. Ajabu, dai kubwa ndilo jepesi, maana sasa kila nusu inaikopesha nyingine.

Isabelle, mojawapo ya programu hizo za uthibitisho, hukutungia kanuni ya induksheni ya pamoja ukizifafanua fanksheni hizo kwa pamoja, ila dai la pili unaliandika mwenyewe. Kwenye ACL2, programu nyingine ya aina hiyo, mbinu iliyozoeleka ni kuziunganisha ziwe fanksheni moja yenye bendera inayoonyesha ni zamu ya nani.