Uasin Gishu, Balfour na Mjadala wa Ukoloni Palestina

Wengi wakisikia "Mpango wa Uganda" hudhani Wayahudi walipendekezewa Uganda ya leo. Sivyo. Eneo ambalo Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapendekezea mwaka 1903 viongozi wa Kizayuni, yaani wa harakati ya kuwapatia Wayahudi nchi yao, lilikuwa Uasin Gishu, Kenya, ambalo hadi 1902 lilikuwa chini ya himaya ya Uganda. Aprili 1903 Wayahudi waliuawa Kishinev, katika dola ya Urusi, na waliobaki walitafuta pa kukimbilia.

Mwezi Agosti, mkutano mkuu wa Wazayuni huko Basel ulipiga kura 295 kwa 178, si kuipokea ardhi bali kutuma tume ikaikague. Wajumbe wengi wa Urusi walipinga. Kwao hapakuwa na badala ya Sayuni. Mwaka 1905 pendekezo likakataliwa. Wanandi na Wamaasai waliolisha mifugo huko hawakuulizwa, na tangu 1908 Makaburu wakaanza kuhamia.

Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1903 alikuwa Arthur Balfour. Ndiye huyohuyo aliyetia saini barua ya tarehe 2 Novemba 1917, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, kuahidi makao ya kitaifa ya Wayahudi Palestina. Waarabu, takriban tisa ya kumi ya wakazi, waliitwa humo "jamii zisizo za Kiyahudi". Haki zao za kiraia na za kidini zilitajwa; za kisiasa hazikutajwa.

Wanaouita Uzayuni ukoloni huanzia hapo: dola ya kigeni ilifungua milango bila ridhaa ya wenyeji, bonde la Marj Ibn Amir, kaskazini mwa Palestina, likauzwa na matajiri wa Beirut huku wakulima wapangaji wakiondolewa, na 1948 Wapalestina wapatao 700,000 wakafukuzwa au kukimbia. Wanaopinga hujibu kwamba wahamiaji wengi walikuwa wakimbizi wasio na nchi mama, kwamba Wayahudi waliishi Yerusalemu na Safed karne nyingi, na kwamba 1939 Uingereza yenyewe iliwawekea kikomo cha wahamiaji 75,000 kwa miaka mitano.

Mjadala huharibika mtu anapodhani hoja moja ikisimama nyingine lazima ianguke. Wazayuni walikataa ardhi ya Afrika kwa sababu walidai nchi mahususi ya mababu. Hilo ni dai la kitaifa. Ila waliitafuta kwa mkono wa dola iliyogawa nchi za watu, na Wapalestina, nao taifa lenye dai lake, ndio waliolipa.